Mtandamboo Kuanzia Mbegu: Ua Wenye Maua, Miiba na Matunda

Mparachichi ukikosa maji kwa wiki kadhaa za kiangazi, majani hulegea na matunda machanga huanza kudondoka. Mwembe huvumilia zaidi, ila nao hutaka udongo wenye kina. Katika nyika za Kajiado, Laikipia, Machakos na Arusha, ambako mara nyingi mvua hukata kabla mahindi hayajabeba, kuna kichaka kinachobaki na majani ya kijani kibichi bila mtu kukipelekea hata kopo la maji. Miiba yake humrudisha mbuzi nyuma. Maua yake, meupe kwa ndani na ya waridi kwa nje, hunukia vizuri. Matunda yake madogo huanza mekundu na kuishia meusi ya zambarau, nayo huliwa na wachungaji, ndege na nyani kwa pamoja. Kichaka hicho ni mtandamboo.

Karibu kila aliyekulia maeneo hayo amewahi kuula, lakini waliowahi kuupanda ni wachache. Umechukuliwa siku zote kuwa mali ya porini: upo, utakuwepo, wa nini kuupanda? Lakini mapori yanageuka viwanja vya nyumba, vichaka vinafyekwa kwa ajili ya kuni na mkaa, na mizizi inachimbwa kwa ajili ya dawa. Mwenye shamba anayetaka mtandamboo kwenye ua wake leo hana budi kuuotesha mwenyewe. Habari njema ni kwamba mbegu zake hazihitaji kemikali wala mtambo. Habari isiyopendeza ni kwamba miche yake haina haraka, na kwamba kosa linalofanyika siku ya kuchuma mbegu huja kuonekana baada ya miaka miwili au mitatu, wakati ua umeshasimama.

Anayetafuta mbegu au miche atakutana na majina mengi. Wakikuyu huuita mukawa, Wamasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga, Waganda muyonza, na Wanyarwanda umunyonza. Kwenye lebo za vitalu na za taasisi za misitu huandikwa Carissa spinarum au Carissa edulis. Majina hayo mawili ni ya mmea mmoja, kwa hiyo muuzaji asimtoze mtu bei mbili. Jina la edulis lina historia inayofika mbali: mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden, Peter Forsskål, aliukuta mmea huu Yemen akiwa katika msafara wa Denmark kwenda Uarabuni. Alifia huko mwaka 1763, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775. Mtandamboo haukuishia Yemen. Unapatikana Afrika kwa eneo kubwa, ukavuka hadi India na kufika kaskazini mwa Australia, ambako wenyeji wa asili pia hula matunda yake. Mmea ulioenea kiasi hicho umekwisha kuonja udongo na hali za hewa za kila namna.

Kabla ya kuchuma, kumtambua ndugu mwenye sumu

Hapa ndipo ushauri wote unapoanzia, kwa sababu mtandamboo una ndugu wa hatari. Msunguti, wa jamii ya Acokanthera, hukua katika maeneo yale yale. Majani yake nayo ni magumu na yamekaa mawili mawili yakielekeana, maua yake nayo ni meupe yenye waridi na yananukia, matunda yake nayo hugeuka kutoka wekundu hadi zambarau, na ukiukata unatoa utomvu mweupe kama mtandamboo. Lakini msunguti ndio uliotoa sumu ya mishale kwa wawindaji wengi wa Afrika Mashariki, wakiwamo Wawata wa nyika za Tsavo, waliosifika kwa kuwaangusha tembo kwa upinde. Sumu hiyo hushambulia moyo.

Tofauti iliyo rahisi kuliko zote ni mwiba. Mtandamboo una miiba mikali, iliyonyooka, inayoweza kufikia urefu wa sentimita 5, ikitokea mahali majani yanapoungana na tawi. Msunguti hauna miiba. Maua ya mtandamboo hukaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi. Ya msunguti hubanana kwapani mwa majani, kandokando ya tawi. Kanuni ya kufuata ni moja: kichaka kisicho na mwiba kiachwe, hata kama matunda yake yanavutia namna gani. Mtoto anayetumwa kuchuma afundishwe hilo kwanza, na mtu mzima akiwa na shaka amwite mwenyeji anayeujua mmea huo tangu utotoni. Si busara kuonja ili kuhakikisha.

Mama wa miche

Vichaka vya mtandamboo havifanani. Kimoja huzaa matunda makubwa kiasi yenye utamu, jirani yake huzaa vipunje vichachu vyenye mbegu nyingi kuliko nyama. Kimoja hutambaa na kupanda juu ya miti mingine, kingine hujikusanya na kufungamana. Mbegu hurithi tabia hizo kwa kuchanganya, kwa sababu wadudu hupeleka chavua kutoka kichaka hadi kichaka. Hakuna uhakika kwamba mche utafanana na mama yake, lakini mama mbaya hupunguza sana uwezekano wa kupata mtoto mzuri.

Historia ya ndugu mwingine wa mmea huu, Carissa macrocarpa wa pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, inalionyesha jambo hilo vizuri. Mwaka 1903, David Fairchild, aliyekuwa akiongoza ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia mbegu na mimea ya kigeni, alipata mbegu nyingi za mmea huo kutoka bustani ya mimea ya Durban. Maelfu ya miche ikaoteshwa Miami na kugawiwa Florida, California na kwingineko. Ilistawi, ikatoa maua, lakini ilitofautiana mno: mingine ilizaa sana, mingine ilizaa kidogo au haikuzaa kabisa. Wakulima wa kule wakalazimika kuteua vichaka vichache vilivyo bora na kuvizidisha kwa vipandikizi. Hivyo ndivyo zilivyopatikana aina zenye majina kama Gifford na Fancy. Mbegu zilitoa wingi; uzuri ulitokana na kuchagua.

Anayeotesha mtandamboo anaweza kufanya uchaguzi wake mapema. Msimu wa matunda azungukie vichaka kadhaa, aonje tunda lililoiva kutoka kila kimoja kilicho na miiba, na aweke alama ya utepe au uzi kwenye vile vitano au zaidi vilivyo bora. Achume kutoka vyote hivyo, asichume kwa kimoja tu, ili ua wake uwe na mchanganyiko wa damu na uchavushaji uwe mzuri baadaye. Na kama nia kubwa ni ua wa kuzuia mifugo, kipimo kisiwe utamu peke yake: vichaka vyenye matawi mengi kutoka chini kabisa vipewe nafasi ya kwanza.

Wasio na pori karibu wanaweza kuulizia kituo cha mbegu cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, kilichoko Muguga, au ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Swali la kuuliza dirishani si bei tu. Mnunuzi aulize mbegu zilivunwa lini na wapi, kwani mbegu za mtandamboo huota vizuri zaidi zikiwa mbichi, na zilizokaa dukani muda mrefu huota chache.

Kutoka tunda hadi mbegu

Tunda la kuchukulia mbegu ni lile lililoiva hadi likawa jeusi na laini kwa kidole, linaloachia kikonyo bila kuvutwa kwa nguvu. Jekundu bado. Kwa kuwa miiba haina adabu, wachumaji wengi hutandika shuka au turubai chini ya kichaka na kutikisa matawi kwa fimbo. Yanayodondoka kwa urahisi ndiyo yaliyoiva.

Tunda lina upana wa takriban sentimita moja na ndani yake mara nyingi mna mbegu mbili hadi nne, bapa. Matunda yapondwe kwa mikono ndani ya ndoo yenye maji, bila kutumia mchi, ambao huvunja mbegu. Utomvu utanata vidoleni. Mafuta ya kupikia kidogo huutoa vizuri kuliko sabuni. Nyama na maganda yanayoelea yamwagwe, maji yabadilishwe mara tatu au nne, na mbegu zinazong'ang'ania juu ya maji zitupwe pamoja na makapi, kwa maana nyingi huwa ni tupu. Zilizozama zianikwe kivulini juu ya gazeti au chekeche kwa siku moja au mbili, mpaka zisishikane. Jua kali lisiziguse.

Kuziosha si anasa. Nyama ya tunda ina sukari, na sukari hualika ukungu na sisimizi. Porini kazi hiyo hufanywa na tumbo la ndege, ambaye hula tunda na kuiacha mbegu safi chini ya mgunga au juu ya kichuguu. Mahali anapoiacha panafundisha mambo mawili: mche wa mtandamboo huanza maisha kwenye kivuli chepesi, na hupenda udongo usiotuamisha maji.

Hesabu ya kiasi cha kusia ni rahisi. Tuseme kiwanja ni cha robo ekari na ni cha mraba: kila upande una takriban mita 32, na mzunguko wote ni kama mita 127. Mstari mmoja wa miche iliyoachana nusu mita utahitaji miche kama 250, ukitoa nafasi ya lango. Baadhi ya mbegu hazitaota, baadhi ya miche itakufa, na mingine itadumaa na kutupwa, kwa hiyo kusia mbegu 500 ni tahadhari ya kawaida. Mbegu hizo hutoka katika matunda 200 hivi, kiasi kinachoenea katika bilauri moja kubwa. Ua mzima wa kiwanja huanzia kwenye bilauri hiyo.

Kwenye kitalu

Mbegu zisiwe zimekaa wiki nyingi kabla ya kusiwa. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mto, na sehemu moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu. Samadi mbichi huchoma mizizi na kuleta funza. Mchanganyiko upitishwe kwenye chekeche, uwekwe kwenye sanduku la mbao lenye matundu au kwenye tuta lililoinuliwa, umwagiliwe, kisha uachwe siku moja utulie.

Mbegu zipangwe kwa mistari, sentimita 3 hadi 5 kati ya mbegu na mbegu, zilazwe ubapa, na zifunikwe kwa udongo laini usiozidi sentimita moja. Kina kikubwa ndicho kinachozika mbegu nyingi kuliko ugonjwa wowote. Juu yake yatandazwe majani makavu yasiyo na mbegu za magugu, na kichanja cha makuti, nyasi au neti kiwekwe kuzuia jua la mchana. Kumwagilia kufanywe kwa keni yenye matundu madogo, asubuhi, kwa kiasi cha kuuacha udongo ukiwa na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa.

Kisha ni kungoja. Miche ya kwanza huweza kujitokeza baada ya wiki mbili, na mingine ikaendelea kuchomoza wiki kadhaa baadaye. Haichomozi kwa pamoja kama maharage, na wengi hukosea hapo: wakiona nusu ya sanduku iko wazi, humwaga udongo au kuongeza maji. Sanduku liachwe hadi mwezi wa pili baada ya kusia kabla ya kukata tamaa. Mara miche inapochomoza, majani makavu yaondolewe taratibu ili mashina yasipinde yakitafuta mwanga.

Adui wa wiki hizi ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina mahali linapogusa udongo. Mche uliosimama jana hukutwa leo umelala kama uliokatwa na uzi. Dawa bora ni kuuzuia: maji yapunguzwe, hewa ipite, miche isisongamane, na udongo uliotumika mwaka jana usirudiwe. Kona iliyoshambuliwa ing'olewe pamoja na udongo wake siku hiyo hiyo.

Mche ukiwa na jozi mbili za majani halisi, achilia mbali yale ya kwanza ya mbegu, uko tayari kuhamishiwa kwenye kiriba. Kiriba kiwe kirefu kuliko kilivyo kipana, kwa sababu mtandamboo huteremsha mzizi mkuu mapema. Asiye na viriba anaweza kutumia pakiti za maziwa zilizooshwa au makopo yaliyotobolewa chini. Kijiti kitumike kuunyanyua mche kutoka chini, naye mwenye kuhamisha aushike kwa jani: jani likikatika litaota jingine, shina likiminywa mche umekwenda. Kazi ifanywe jioni au siku ya mawingu.

Miezi inayofuata ndiyo humchosha mtu. Mchicha uliosiwa siku moja na mtandamboo utakuwa umeliwa na kusahauliwa, huku mtandamboo ukiwa na urefu wa kidole. Mmea huu kwanza hujenga mizizi. Urefu huja baadaye. Kujaribu kuuharakisha kwa mbolea nyingi ya chumvichumvi huupa majani mororo ambayo mchwa na ukame hupenda kuanza nayo. Kinachofaa ni chai ya samadi iliyozimuliwa, mara moja kwa mwezi, na kuinua viriba kila baada ya wiki chache ili mizizi inayotoboa kwenda ardhini ikatike na kutawanyika ndani ya kiriba.

Kalenda ipangwe kwa kurudi nyuma. Mche hufaa kwenda shambani ukiwa na sentimita 30 hivi na shina lililoanza kuwa gumu, jambo linaloweza kuchukua miezi sita hadi minane au zaidi. Anayetaka kupanda kwa mvua za masika, Machi au mwanzoni mwa Aprili, ajitahidi mbegu zake ziwe udongoni kufikia Agosti. Mwezi wa mwisho kitaluni kivuli kipunguzwe kidogo kidogo na maji yapungue, ili mche uzoee jua kabla haujakutana nalo shambani bila mtetezi.

Shambani

Mtandamboo hukubali udongo wa mawe, mwekundu au wa kichanga, alimradi maji hayasimami. Unataka jua kamili kama lengo ni maua na matunda. Kivulini utaishi, lakini utazaa kidogo. Mashimo ya sentimita 40 kwa upana na kina yanatosha, yakirudishiwa udongo wa juu uliochanganywa na ndoo ndogo ya mboji. Kwa ua, nafasi ya nusu mita hadi mita moja. Kwa anayetaka matunda hasa, mita tatu kila upande, kwa sababu kichaka kilichokomaa kinaweza kutanuka sana na kufikia urefu wa mita tano kikiachwa.

Jambo moja husahaulika hadi jirani anapokuja kulalamika: mstari upandwe mita moja ndani ya mpaka. Miiba ya sentimita 5 ikichungulia njia ya watoto wa shule au ya waendesha baiskeli, ua unageuka kesi. Nafasi hiyo pia humwezesha mwenye ua kupita upande wa nje akiwa na panga wakati wa kupogoa.

Mwaka wa kwanza shambani mmea bado ni mnyonge. Kabla miiba haijakomaa, mbuzi huula bila wasiwasi, hivyo matawi makavu ya mgunga yazungushwe kwenye mstari hadi utakapoweza kujitetea. Mchwa huwafuata wanyonge pia, hasa kiangazi. Matandazo makavu yasigusane na shina, na mmea upate maji ya kutosha wiki za mwanzo, maana mchwa hupendelea mti uliokwisha kudhoofika. Mvua zikikata mapema, lita mbili au tatu kwa kila shina mara moja kwa wiki zitauvusha. Kuanzia kiangazi cha pili, mara nyingi mmea uliopandwa vizuri hauombi tena maji.

Kupogoa ndiko kunakoamua kama ua utakuwa ukuta au utakuwa fito zenye uwazi chini. Mche ukifika nusu mita, ncha ikatwe ili matawi ya chini yachipue. Irudiwe ukifika mita moja. Kisha kuna mtego: maua hutoka kwenye ncha za matawi, na anayenyoa ua wake kila mwezi ukawa sawa kama ukuta wa matofali atakuwa ameyakata maua yote. Suluhisho linalofaa nyumbani ni kugawa pande. Upande wa nje, unaoelekea barabarani, unyolewe nadhifu. Upande wa ndani uachwe matawi yake marefu yatoe maua na matunda, ukipunguzwa mara moja tu kwa mwaka baada ya mavuno. Kichaka kilichozeeka na kuwa wazi chini haking'olewi. Kikikatwa karibu na ardhi mvua zinapoanza, huchipua upya.

Kwa anayelinganisha, mshindani mkubwa wa mtandamboo katika nyua za Kenya ni kaiyaba, mmea wa Afrika Kusini wenye miiba mirefu na matunda ya njano yenye uchachu mkali. Kaiyaba hukua haraka kidogo na hufunga ua vizuri. Ila mimea yake ina dume na jike, na mbegu haisemi itakuwa ipi. Sehemu kubwa ya mstari inaweza kuwa madume yasiyozaa. Ua la mtandamboo lina sehemu za kiume na za kike pamoja, kwa hiyo kila shina katika mstari linaweza kuzaa, na vichaka vikiwa vingi pamoja wadudu hufanya kazi yao vyema zaidi.

Kwa wakazi wa Pwani, ambako upepo huja na chumvi, yule ndugu wa KwaZulu-Natal anafaa zaidi. Carissa macrocarpa huvumilia rasharasha ya bahari, na tunda lake ni kubwa mara kadhaa kuliko la mtandamboo wa bara. Miiba yake imegawanyika ncha mbili, alama nzuri ya kuutambua. Uoteshaji wake kwa mbegu ni ule ule. Tahadhari ni kwamba ile mifupi, isiyo na miiba, inayopandwa kama zulia kwenye bustani za hoteli, iliteuliwa kwa ajili ya sura. Mbegu zake zisitegemewe kwa matunda.

Mavuno, sufuria na mizizi

Mtandamboo uliotunzwa unaweza kuonyesha matunda ya kwanza katika mwaka wa pili au wa tatu shambani, machache, kisha yakaongezeka. Tunda lililoiva halisafiri vizuri. Huminyika na kuchacha, ndiyo sababu huonekana zaidi kwenye masinia ya watoto kando ya barabara kuliko kwenye maduka makubwa. Ethiopia, ambako huitwa agam, nako huuzwa sokoni kwa namna hiyo. Mwenye ua mrefu atafaidi zaidi akiyapika kuliko akiyasubirisha.

Jamu yake ni rahisi. Matunda yaliyoiva yachanganywe na sehemu moja kwa nne ya yale mekundu, ambayo yana uchachu na husaidia jamu kugandamana. Yachemshwe kwa maji kidogo hadi yapasuke, yapitishwe kwenye chujio kuondoa mbegu, kisha rojo lipimwe na sukari ya uzito ule ule au pungufu kidogo iongezwe. Lichemshwe likikorogwa hadi tone juu ya sahani baridi lisitiririke. Utomvu utaacha utepe mweupe unaonata kwenye kuta za sufuria. Hupanguswa kwa mafuta ya kupikia. Mbegu zilizobaki kwenye chujio zimekwisha kuchemka na hazitaota, kwa hiyo za kusia zitengwe kabla ya moto kuwashwa.

Kuhusu mizizi, ushauri unahitaji uangalifu. Wamasai kwa muda mrefu wameichemsha mizizi ya olamuriaki pamoja na nyama kutengeneza supu, na jamii nyingine huitumia kwa maumivu na homa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya, KEMRI, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulioonyesha kwamba dondoo la mizizi hiyo lilizuia virusi vya hepesi kwenye seli za maabara na kwa panya. Hilo ni jambo la kutia moyo wanasayansi, lakini halimpi mtu nyumbani kipimo cha kunywa wala ruhusa ya kuacha dawa za hospitali. Pia humpa mwenye ua sababu ya kuwa macho, maana anayechimba mizizi huchukua kichaka kizima. Akihitaji, achimbe upande mmoja, akate mizizi ya pembeni miwili mitatu, afukie, na asirudi kwenye kichaka hicho hadi kiwe kimepona.

Mwaka ule wa kwanza wa matunda mengi, kazi ya kuchagua hurudi tena, safari hii ndani ya ua wenyewe. Miche 250 iliyotoka kwa mama watano itakuwa imejitenga: ipo itakayozaa matunda makubwa, ipo itakayofungamana vizuri bila kuzaa, na ipo isiyofanya lolote. Vichaka vitatu au vinne vilivyo bora vitiwe alama ya rangi kwenye shina. Tawi lao la chini linaweza kuinamishwa ardhini mvua zinapoanza, likwaruzwe ganda kidogo, lifukiwe na kubanwa kwa jiwe. Likishatoa mizizi hukatwa na kupandwa, nalo huzaa sawasawa na mama. Matawi hayo yajaze mapengo ya mstari na nafasi za mashina yaliyoshindwa. Mbegu za vichaka hivyo hivyo zichumwe kwa ajili ya kitalu kijacho, na bei ya miche inayouzwa kwa jirani ianzie hapo, kwa kuwa mnunuzi anaweza kuonyeshwa kichaka kilichoizaa na kuonja tunda lake kabla ya kulipa.